Kable Moja, Picha ama Sauti

Vijana wangu wa atelié, karakana yetu hii ya radio na tele, ninyi muna bahati ya bure. Leo kable moja nyeusi, yenye kichwa bapa, inabeba picha na sauti pamoja. Munaichomeka nyuma ya tele, munapangusa mikono, munamwambia mwenye nyumba kazi imeisha. Na kweli imeisha! Mimi nimeacha kazi mwezi uliopita, na mumeniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunafanya zamani. Nitaandika, ila musitafute humu habari za vyeo. Katika atelié ya watu wawili, cheo ni kujua nani atafagia. Nitaandika habari za kable. Hapa mezani niko na kikapu cha avoka zilizoiva, yaani maparachichi, nitakula moja moja nikiandika, na mbele mutajua kimetoka wapi.

Siku yangu ya kwanza, mama yangu ndiye alinipeleka kwa Papa Katembo, fundi wa radio, pale Butembo karibu na soko. Papa Katembo alikuwa mzee mfupi, mkali, na miwani yake ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba. Alinitazama, kisha akamuuliza mama, si mimi:

"Huyu binti anaogopa kuran ya umeme?"

"Haogopi hata baba yake," mama akajibu.

"Basi abaki."

Akanipa radio iliyokuwa kimya na bisibisi, akaendelea na kazi yake. Mimi, kwa kutaka kuonyesha kwamba nina akili, nikaanza kufungua visi, zile skrubu za nyuma. Papa Katembo akapiga meza kwa kiganja hadi visi vikaruka.

"Nani amekuambia upasue tumbo? Umemuuliza kama amekula?"

Waya wa betri ulikuwa umekatika ndani ya ngozi yake. Radio yenyewe haikuwa na ugonjwa wowote. Akanifumba macho kwa kitambaa chake cha jasho, akanipa ule waya na kusema nitafute pale ulipokatika kwa vidole tu. Nikaufuata polepole, nikafika mahali palipokuwa laini kama ugali wa mgonjwa, nikasema hapa. Akasema, "Macho yanaamini haraka. Vidole havina haraka. Fuata kamba mwanzo mpaka mwisho, ndipo uguse kasanduku." Hiyo ndiyo shule yangu yote. Cheti hakuna, na sijawahi kuulizwa.

Zana zetu zilikuwa chache na tulizipenda kama watoto. Chuma cha kusudea, cha kulehemu waya, tulikipasha kwenye makaa ya mbabula pale kuran ilipokosekana, na ilikosekana zaidi ya ilivyokuwepo. Bisibisi moja ilikuwa sipoku ya baiskeli iliyonolewa. Papa Katembo alipochoka macho aliniachia vyote, pamoja na kiti chake kinachoyumba, na ninyi munajua bado kinayumba.

Kisha vita vikaja, na watu wa mbali wanafikiri vita vinasimamisha biashara. Hawawajui Banande, watu wetu wa Butembo na Beni! Barabara ikifungwa, mtu anapita pengine; na wafanyabiashara wetu waliendelea kwenda Dubai, mizigo ikaingia kwa mpaka wa Kasindi. Ndipo zikaanza kuja zile sinema za nyumbani: msomaji wa diski, ampli yake ya kukuza sauti, masanduku matano madogo ya sauti na moja kubwa la kutetemesha kifua. Mimi nilicheka peke yangu. Inje risasi zinalia bure, mtu haombi, halipi. Na ndani ya salon, sebuleni mwake, mtu ananunua masanduku sita ili zilie tena, mbele na nyuma.

Kila kitu kilikuja na karatasi ya Kichina, basi kila mtu aliunganisha kufuatana na moyo wake. Mteja mmoja wa hapa Butembo alipanga masanduku yote juu ya tele, yamebanana. Nikamwambia haya yanatakiwa pembeni mwa salon, mengine nyuma ya kiti. Akakasirika. "Mama, hawa ni batoto ba tumbo moja, juu ya nini nibaachanishe?" Mwingine alinunua kable ya mwanga, ile nyembamba inayopitisha sauti kwa kamwangaza kekundu, akakataa kuichomeka akidhani itachoma nyumba. Nikaweka mwangaza ule kwenye kiganja changu, nikamwambia acha uoga, huu hauwezi hata kukausha mate. Wengine waliichomeka bila kutoa kofia ndogo ya plastiki iliyoko kichwani, halafu wakalalamika Dubai imewaibia. Nilitoa kofia, sauti ikatoka, nikaitwa mganga. Watoto wa kartié, wa mtaa wetu, wakaanza kuniita Mama Kable, na jina likashika hata kanisani.

Lakini kazi ninayotaka muijue ni ile ya Beni.

Shabani, dereva wa Beni, Mwislamu mwenye mdomo mtamu, alisimamisha lori lake mbele ya atelié asubuhi ya Jumapili wakati natoka misa ya kwanza. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Mama Kable, panda. Kwa Mama Kavugho kuko shida."

Mama Kavugho nilimjua, mjane mwenye shamba la ndizi kule Mangina, na nyumba Beni mjini. Mwanawe Kambale alikuwa amepotea kabla ya Noeli, aliposafiri na mizigo upande wa Kanyabayonga. Lori lilishambuliwa, wengine walirudi, yeye hakuonekana. Tangu hapo hakuna habari, nzuri wala mbaya.

"Wamepata maiti?" nikauliza.

"Wamepata diski." Shabani akaniambia njiani. Dereva mwenzake alikuwa amemkabidhi diski pale Kasindi, nayo ilikuwa imepita mikono mingine kabla yake, na neno lililofuatana nayo lilikuwa moja tu: ipeleke kwa mama ya Kambale. Akaipeleka. Mbusa, mdogo wa marehemu baba ya Kambale, ndiye mwenye sinema ya nyumbani. Akaita ukoo mzima, akatandika salon, akaweka diski. Kambale akatokea kwenye tele, ameketi, anawatazama, mdomo unacheza. Sauti, hakuna. Wakarudia. Hakuna.

"Sasa juu ya nini balie?" nikasema. "Si wamemuona?"

"Mama Kavugho anasema mufu ndiye anakuja hivyo. Hata bwana yake alimujia mu ndoto vile vile, mudomo unacheza, sauti hakuna. Leo jioni banaanza matanga. Batu ba Mangina biko mu njia na ndizi."

Munaelewa jambo lilivyokuwa. Matanga yakianza, mama ananyolewa nywele, jina la mtoto linasomwa kanisani pamoja na wafu, nguo zake zinagawanywa, mchumba wake anaambiwa uko huru. Nani atarudisha hayo? Na picha peke yake haikumtetea Kambale, maana Mbusa alikuwa amesema neno la kweli: picha inaweza kuwa ya zamani, kabla lori halijapigwa. Ni sauti tu ingesema kama yule mtu anaijua dunia ya leo.

Nilikuwa nimejaza begi langu: kable za rangi zote, vichwa vya kuungia, chuma cha kusudea. Tukafika kizuizi cha kwanza. Askari mmoja akafungua begi, akavuta kable kama mtu anayetoa matumbo ya kuku.

"Mama, oyo nini? Antene ya banemi, ya maadui?"

"Kable za sinema, papa."

Uso wake ukafunguka. Kumbe kambini kwao walikuwa na tele na video iliyokuja bila kable, nisiulize imetoka wapi. Wakachukua begi lote. Nikasihi, Shabani akasihi, akawapa na sigara zake, wapi! Na mimi, kichwa changu kibovu, lori likiondoka nilikuwa bado nawapigia kelele dirishani: "Nyekundu kwa nyekundu! Nyeupe kwa nyeupe! Musizichanganye!" Shabani alinitazama mpaka karibu aingize lori kwenye mtaro.

Nikafika Beni, nyumbani kwa Mbusa, mikono mitupu. Mama Kavugho alikuwa tayari ameketi chini kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, kitambaa kimetolewa kichwani. Wanawake wamemzunguka. Hakulia. Alinisalimu kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia yote. Nyuma ya nyumba mbuzi amefungwa, wa kuchinjia matanga.

Mbusa akanipeleka kwenye mitambo yake. Jamani, usafi ule! Sisi Banande tunapenda kitu kinyooke, munajua. Hata kuni tunapanga kama vitabu. Mbusa alikuwa ameona aibu kupokea wageni na waya zinaning'inia. Basi kabla ya siku ya diski, alichukua kable ya mwanga, akaipigilia ukutani kwa misumari midogo, ikashuka wima, ikapinda kona kali kama fremu ya dirisha, ikapita chini, ikapinda tena kona, ikapanda hadi kwenye ampli. Imenyooka hadi unataka kuipigia makofi.

"Umeona kazi?" akaniuliza, hata katika huzuni ile.

"Nimeona," nikasema. "Zile kable nyekundu na nyeupe ziko wapi?"

"Zilikuwa mbaya, zinaning'inia. Nilifungia mbuzi."

Nikatoka kumwangalia mbuzi. Alikuwa wa masikio meupe, ametulia kabisa, na alikuwa amekwisha kutafuna vichwa vyote vinne. Kamba yenyewe ilikuwa kama mboga. Akanitazama akiendelea kucheua. Nilitamani achinjwe mara mbili.

Nikarudi ndani, nikafumba macho mbele ya watu wote, nikafuata kable ya Mbusa kwa vidole. Wanawake wakainamisha vichwa, walidhani naomba Mungu. Kona ya kwanza, vidole vikakuta kitu kimevunjika ndani, kinalia kidogo kama mfupa wa samaki. Kona ya pili, vile vile. Kable ya shaba ingevumilia. Ile ya mwanga ndani yake ni uzi wa plastiki safi, ukiukunja hivyo mwanga unaishia hapo.

Nikamwita mama. "Mama Kavugho, simama kidogo, uje uone."

"Aliyeketi kwa matanga hasimami," mwanamke mmoja akasema.

"Matanga hayajaanza. Jioni haijafika. Mama, njoo."

Akaja. Diski ilikuwa inazunguka, jenereta inanguruma inje, na Kambale kwenye tele anacheza mdomo. Nikachomoa kable kwenye msomaji wa diski, nikaweka kiganja cha mama mbele ya katundu kale. Alama nyekundu ikatua kwenye ngozi yake.

"Hiyo ndiyo sauti ya mutoto wako," nikamwambia. "Inatoka hapa."

Nikairudisha kable, nikachomoa kichwa cha upande wa ampli, nikakileta kwenye kiganja kile kile. Giza. Akageuza mkono, akatazama tena. Giza.

"Inaingia lakini haitoki," akasema polepole.

"Imekufia pa kona ya shemeji yako. Kambale anasema, mama. Ni ukuta ndio unanyamaza."

Mbusa akafunika uso kwa mikono. Nilimhurumia. Alitaka tu nyumba ionekane nzuri kwa ajili ya mtoto wa kaka yake.

Lakini kumwonyesha mama kwamba sauti ipo, na kutokuitoa, huo ungekuwa ukatili. Nikajaribu waya mtupu wa taa, nikauchomeka kwenye tundu la rangi ya machungwa la msomaji wa diski, ambalo nalo linatoa sauti kwa tarakimu, bila mwanga. Ampli ikapepesa macho yake, zile taa ndogo, ikazima. Ikapepesa, ikazima. Ilikataa, waya wa taa si wa kazi ile. Sasa, vijana, jambo hili Papa Katembo hakulijua, nililigundua mwenyewe na ninajivunia mpaka leo: kable ya njano, ile ya picha, ni ndugu kabisa ya kable ya tundu la machungwa. Ngozi ni ile ile, shaba ni ile ile, kichwa ni kile kile. Rangi tu ndiyo inadanganya watu. Na katika nyumba ile kable ya njano ilikuwepo, moja tu. Ilikuwa nyuma ya tele, inabeba uso wa Kambale.

Nikaishika. Nikamgeukia mama.

"Mama, kable ni moja. Nikiitoa hapa, Kambale anapotea machoni. Tutaona, ama tutasikia. Vyote viwili siwezi."

Kelele zikazuka. Mbusa akasema, "Unataka umuondoe tena, hata kale kapicha?" Mwanamke mmoja akasema afadhali kumuona, kumuona ni kitu. Mama Kavugho akasubiri wamalize. Halafu akasogea mbele ya tele, akagusa kioo pale penye shavu la mwanawe.

"Kumuona, nimeisha muona," akasema. "Nimemuona ananyamaza, na imetosha. Mufundi, nipe sauti."

Nikachomoa. Tele ikawa nyeusi, na mtu nyuma yangu akalia kwa nguvu. Nikachomeka njano kwenye machungwa, huku kwa msomaji wa diski, huku kwa ampli, nikarudisha diski mwanzo. Ampli ikapepesa. Nikasema moyoni, Papa Katembo, kama uko karibu, nishike mkono. Ndani yake kitu kikagonga, tak! Macho ya ampli yakasimama, hayakupepesa tena.

Na sauti ikatoka kwenye masanduku yote, kutoka kila kona ya salon, ya kijana mwenye mafua kidogo.

"Mama. Ni miye, Kambale. Niko Kampala, niko muzima, mukono tu ndio ulivunjika na umeisha pona. Usilie. Mutu mumoja wa kwetu alipita hapa, aliniambia basoda ba jeshi balikata muavoka wangu wa nyuma ya jiko, bakafanya kuni. Sasa nikirudia nitakula nini? Na muambie Baba mudogo Mbusa asiuze mbuzi yangu, ile ya masikio meupe. Ninaijua roho yake. Njia ikifunguka, nitakuja. Uniombee."

Mwavokado ule ulikatwa baada ya Pasaka! Wote walijua. Kambale alipotea kabla ya Noeli. Mfu gani anajua mti uliokatwa akiwa kaburini? Mbusa ndiye alikuwa wa kwanza kupiga kelele, "Ni muzima! Ni muzima!" Na Shabani, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa heshima ya wenye matanga, akaruka ndani na viatu vyake vya matope, "Alhamdulillahi!" mpaka mafundi wa maombi wa kwetu wakajibu "Amina."

Mama Kavugho aliishika tele nyeusi kwa mikono miwili, akaijibu.

"Nitakupandia ingine, Kambale! Leo leo nitapanda! Wasingya, mwanangu, asante, wasingya. Na ule mukono, nani aliufunga? Aliufunga muzuri?"

Na sisi tukacheka na kulia, hatukujua lipi ni lipi. Watu wa Mangina walipofika na ndizi zao, nyuso zimekunjamana tayari kwa kilio, walikuta ngoma. Ndizi zikapikwa hivyo hivyo, kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na ule mbuzi akafunguliwa kamba, akapita katikati ya wageni kama mkuu wa kartié. Mimi nilicheza, ndiyo, mimi na goti langu. Nilibebwa begani na wanawake wawili, na sijaona aibu mpaka leo. Kambale alirudi barabara ilipofunguka. Mwavokado mama yake alioupanda jioni ile unazaa, na kikapu hiki cha mezani ni cha mti huo. Nimebakiza avoka mbili.

Lakini kabla jua halijashuka siku ile, nilipokuwa najiandaa kupanda lori, Mama Kavugho alinivuta mkono. Kichwani alikuwa amekwisha kufunga kitambaa, kile cha sikukuu.

"Mufundi, sasa nipe picha."

"Mama, nikitoa kable, sauti itaondoka."

"Itoe."

Nikachomoa njano, nikairudisha kwenye tele, nikaanzisha diski. Kambale akatokea, ameketi, anatutazama, mdomo unacheza, kimya kama mwanzo. Nikageuka kumtazama mama, nikiogopa hofu imrudie.

Alikuwa ameketi kitini, si chini tena. Amemkazia macho mwanawe. Na mdomo wa Kambale ulipofunguka, yeye akasema, kwa sauti kubwa ya kila mtu kusikia:

"Mama. Ni miye, Kambale. Niko Kampala, niko muzima."

Maneno yote ya diski aliyashika kwa kuyasikia. Akayasema mpaka mwisho, neno kwa neno, pamoja na mdomo wa mtoto wake, na hakukosea hata pale pa mbuzi.